Mnyama wa Ngazi ya Mashariki

Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba lugha yake ina deni kwa Kiajemi. Bandari, rangi, bustani, barafu, pamba, darubini, dirisha, serikali: maneno haya yote yana mizizi huko, ingawa mengi yalipita kwanza vinywani mwa Waarabu na Wahindi. Yakafika pwani, na kutoka pwani yakapanda bara pamoja na misafara hadi Maniema, Kisangani na Ituri. Hata neno lenyewe Uajemi lina historia yake. Kwa Waarabu wa zamani, ajam alikuwa mtu asiyesema Kiarabu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumewaita watu hao kwa jina walilopewa na jirani yao, wala hatukuwauliza wao wanajiitaje.

Jambo hili nililibeba kichwani mwezi wa kumi 2023, nilipopata nafasi ya wiki tatu za masomo ya Kiajemi kwa wanafunzi wa kigeni nchini Iran. Asubuhi tulikuwa darasani. Saa za mchana, na siku zote za mapumziko, tulipelekwa kutazama majumba ya kale na makumbusho. Wenzangu walipiga picha za vigae vya buluu na bustani zenye mifereji ya maji. Nami nilipiga. Lakini karibu kila mahali nilijikuta nikitafuta maandishi: nani ametajwa jina hapa, nani hakutajwa, na nani aliyeshika kalamu.

Nianze na Makumbusho ya Taifa mjini Tehran. Ni jengo la matofali mekundu lililofunguliwa mwaka 1937, likachorwa na Mfaransa André Godard, na mlango wake ni tao kubwa linaloiga ikulu ya kale ya Ctesiphon. Ndani yake imo sanamu ya mfalme Dario wa Kwanza. Kichwa chake kimepotea. Ilichimbuliwa mwaka 1972 huko Susa, lakini ilichongwa Misri, na mwili wake umeandikwa kwa lugha nne: Kiajemi cha Kale, Kielamu, Kibabeli na Kimisri. Kwa mtu aliyekulia katika nchi yenye lugha nne za taifa na moja ya serikali, kusimama mbele ya nguo ya jiwe iliyojaa lugha nne ni kama kukutana na ndugu. Pembeni mwa kitako cha sanamu wamechongwa watu waliopiga magoti, mikono juu, kila mmoja akiwa amewekwa juu ya jina la nchi yake kwa maandishi ya Kimisri. Nchi ya Wanubi imo. Mfalme hakuwasahau walio chini yake. Aliwataja wote, lakini aliwataja kwa nchi zao, na majina yao wenyewe hayapo.

Katika makumbusho hayohayo nilikaa muda mrefu mbele ya vibao vidogo vya udongo vinavyoweza kutoshea kiganjani. Vilichimbuliwa Persepolis mwaka 1933 na 1934, maelfu kwa maelfu, na mwaka 1936 vilipelekwa Chicago kwa mkopo ili visomwe. Mkopo huo ulikuwa mrefu. Vibao 300 vilirudi mwaka 2004. Kisha vilivyobaki vikaingia mahakamani, kwa sababu Wamarekani waliojeruhiwa katika shambulio la bomu na kuishinda Iran kortini walitaka vikamatwe kama fidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa, na mwaka 2019 vibao 1,783 vikarudishwa Tehran.

Na vinasema nini vibao hivyo vilivyogombaniwa hivyo? Vinahesabu chakula. Kiasi fulani cha shayiri kwa wafanyakazi fulani, kiasi fulani cha divai kwa msafiri wa mfalme. Mama aliyejifungua aliongezewa posho, na aliyejifungua mtoto wa kiume alipata mara mbili ya aliyejifungua wa kike. Vimeandikwa kwa Kielamu, lugha ambayo leo hakuna mtoto anayezaliwa ndani yake. Niliwaza juu ya vitu vyetu vilivyoko Tervuren, na juu ya kinyago cha Kakuungu cha Wasuku ambacho mfalme wa Ubelgiji alikileta Kinshasa mwezi wa sita 2022, nacho pia kwa jina la mkopo. Neno hili mkopo linafanya kazi kubwa katika dunia ya makumbusho. Ingefaa mmoja wetu aliandikie kazi ya mwisho wa masomo.

Siku nyingine tulikwenda katika jumba la Golestan, makao ya wafalme wa ukoo wa Qajar, penye kumbi zilizofunikwa vioo vidogovidogo mpaka macho yanachoka. Mfalme Naser al-Din, aliyetawala tangu 1848 hadi 1896, alipenda sana upigaji picha, naye mwenyewe alishika kamera. Katika hazina ya picha za jumba hilo zimo albamu zinazoonyesha, pamoja na wake na watoto wa mfalme, Waafrika waliotumikia nyumba yake. Walikuwa watumwa, au watoto wa watumwa. Wengi wa Waafrika waliofikishwa Uajemi karne ile walisafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi bandari za Ghuba. Utumwa ulifutwa kwa sheria nchini Iran mwaka 1929, na wajukuu wa watu hao wapo hadi leo kusini mwa nchi, ambako muziki wao wenye ngoma nzito unaitwa bandari, neno lilelile letu.

Watumwa hao walipewa majina mapya: Almas, Yaqut, Firuz, Anbar. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi. Ni almasi, yakuti, feruzi na ambari. Tunayo maneno yote manne, na tunayatumia kusifia uzuri. Sikuwahi kufikiri kwamba yaliwahi kuitwa uani na mtu akaitikia, huku jina alilopewa na mama yake likiwa limebaki upande mwingine wa bahari.

Baada ya hapo tulishuka kusini hadi Shiraz, na kutoka Shiraz safari ya kilomita kama 60 ikatufikisha Persepolis, ambayo wenyeji wanaiita Takht-e Jamshid. Dario alianza kuijenga yapata mwaka 518 kabla ya Kristo, mwanawe Xerxes akaiendeleza, na Aleksanda Mkuu akaichoma moto mwaka 330. Unapanda kwa ngazi ya vidato 111 vilivyo vifupi sana, kisha unasimama mbele ya Lango la Mataifa Yote, lenye mafahali wakubwa wa jiwe kila upande. Juu yao Xerxes ameandika jina lake kwa lugha tatu.

Chini ya maandishi ya mfalme yamo maandishi mengine. Ni majina ya wageni waliopita na visu na patasi zao: askari, mabalozi, wasafiri. Mwongozaji wetu, mzee aliyekuwa zamani mwalimu wa Kifaransa, alituacha tuyasome wenyewe. Nikaona herufi kubwa zilizochongwa kwa unadhifu: STANLEY, chini yake jina la gazeti lake la New York, na mwaka 1870.

Mkongo hawezi kulisoma jina hilo kama mtalii mwingine. Henry Morton Stanley alipita Persepolis akiwa mwandishi wa habari, kabla ya kumtafuta Livingstone na kumkuta Ujiji mwaka 1871. Miaka michache baadaye aliteremka mto wetu kutoka Nyangwe hadi Boma, akafika mwezi wa nane 1877, na kisha akarudi kumfungulia Leopold njia. Ndiye Bula Matari, mvunja mawe. Wazee walilitumia jina hilo kwa serikali nzima ya kikoloni. Nilipoyagusa yale maandishi kwa macho nilijua kwamba alikuwa ameanza kuyachokoza mawe ya watu wengine miaka kama kumi kabla ya kupewa jina hilo.

Lakini kwetu sisi wa kitivo hiki jambo si jepesi hivyo. Waliobeba mizigo ya Stanley walikuwa waungwana wa Zanzibar na pwani, na njia alizopita, pamoja na zile za Tippu Tip, ni baadhi ya njia ambazo Kiswahili kiliingia nazo katika misitu ya mashariki. Babu yangu mzaa baba, Mbudu wa Ituri, alijifunza Kiswahili akiwa mtoto kwa sababu ya njia hizo. Mimi nimekipata kutoka kwake. Nilimwambia mwongozaji kwamba mtu huyu ana sehemu katika historia ya nchi yangu, na nikamwuliza kwa nini hawayafuti majina haya. Akajibu kwamba ukifuta, jiwe litabaki na kovu, na watu hawatajua nani alilijeruhi.

Kutoka langoni tulikwenda kwenye Apadana, ukumbi wa mapokezi uliokuwa na nguzo 72, kila moja ikiwa na urefu wa mita zipatazo 20. Chache tu zimesimama. Hazina yake ni ngazi ya mashariki. Ukuta wake umechongwa wajumbe wa mataifa 23 wakileta zawadi: farasi, ngamia, kondoo, nguo, bangili, vyombo. Kila kundi linaongozwa na afisa anayemshika wa kwanza mkono, na kati ya kundi na kundi umesimama mti wa mvinje. Hakuna minyororo, hakuna fimbo. Mwongozaji alitukumbusha kwamba hivyo ndivyo mfalme alivyotaka kuonekana, maana kwenye mwamba wa Bisotun Dario huyohuyo amechongwa mbele ya mateka waliofungwa kamba shingoni.

Kundi ambalo wataalamu wanalihesabu la 23, la mwisho, ni watu wa Kushi, kusini mwa Misri. Nywele zao zimesokotwa vizuri, pua na midomo ni ya kwetu. Wameleta chombo chenye mfuniko, pembe ya tembo, na mnyama anayeongozwa kwa kamba. Mnyama huyo ana shingo ndefu kiasi, mgongo unaoteremka kuelekea nyuma, na pembe fupi. Hajaandikwa jina. Wataalamu wengi wanasema ni twiga. Wengine wamesema ni okapi.

Naomba msomaji aelewe neno hilo lilinipataje. Okapi haishi popote duniani ila katika misitu ya Kongo. Wazungu wenye sayansi walimpa jina mwaka 1901 tu, ingawa Wambuti na Wabudu walimla na kumvaa ngozi tangu zamani. Ni mnyama wa redio yetu na wa nembo ya hifadhi zetu. Na babu niliyemtaja alifanya kazi karibu miaka thelathini katika kituo cha okapi cha Epulu. Kama mnyama wa ngazi ile ni okapi, basi miaka 2,500 iliyopita mtu alimtoa katika msitu wa nyumbani, akapita naye nchi ya Kushi na Misri, akamfikisha Uajemi. Ramani yote ya zamani ingebidi ichorwe upya, na sisi tungekuwamo.

Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaenda kunywa chai. Nilitafuta milia ya mapajani, ile inayomtambulisha okapi mara moja. Haipo. Mwongozaji aliporudi kunichukua alisema kwamba michoro hii yote zamani ilipakwa rangi, na rangi imekwisha kwa jua, mvua na mikono ya watu. Kwa hiyo milia ingeweza kuwapo, au isiwepo. Nikamwuliza Stanley alipokuja aliona nini hapa. Akasema upande huu hakuuona, kwa kuwa ngazi ya mashariki ilikuwa bado chini ya udongo, ikafukuliwa na wachimbaji mwaka 1932.

Hapo nikakumbuka jambo nililosoma katika maktaba yetu. Katika kitabu cha safari yake ya mwisho, kilichotoka mwaka 1890, Stanley anataja kwa maneno machache kwamba Wambuti wa Ituri wanamjua mnyama kama punda, wanamwita atti, na wakati mwingine wanamkamata kwa mashimo. Maneno hayo machache ndiyo yaliyomfanya Harry Johnston amtafute okapi miaka kumi baadaye. Basi mtu huyohuyo aliyechonga jina lake langoni, hatua chache kutoka kwa mnyama aliyefunikwa udongo, ndiye aliyewapelekea Wazungu habari ya kwanza ya mnyama wa kwetu. Wambuti waliompa habari hiyo hawakutajwa majina.

Niliporudi nyumbani sikumpelekea profesa picha ile kwanza. Nilimpelekea babu. Sasa anaishi Mambasa, macho yake bado yanaona vizuri mchana. Aliondoka Epulu zamani, kabla ya tarehe 24 mwezi wa sita 2012, waasi walipokishambulia kituo, wakaua watu, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo wakafa. Baadhi ya okapi hao yeye mwenyewe aliwalisha majani. Huwa hapendi kuzungumza juu ya siku hiyo, nami sikumwuliza.

Aliishika simu yangu karibu na uso, akaitazama picha kwa muda. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

“Hii haiko okapi, mama.”

“Sababu gani, babu?”

“Kamba. Okapi hawezi fuata mutu na kamba hivi. Atajipiga mpaka anakufa. Sisi tulikuwa tunamufanyia njia ya miti, na mapande mbili, anatembea yeye peke yake mupaka mu nyumba yake. Na mu njia yote ile, watamupa kula nini? Hii njo ile ya shingo murefu, bado mutoto.”

Nilimweleza juu ya wataalamu na ubishi wao. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza kama yuko yeyote kati yao aliyewahi kumkamata okapi mmoja. Nikasema sidhani.

Siwezi kusema kwamba babu amemaliza ubishi. Wachongaji wa mfalme huenda hawakumwona mnyama huyo akitembea, na kamba inaweza kuwa ni desturi ya mchoro tu. Lakini hoja yake ni hoja ya mtu anayejua kazi, na inakubaliana na jambo lingine lililo wazi: watu wa Kushi walijulikana kwa kupeleka twiga, hata katika kaburi la Rekhmire huko Misri, lililo la zamani zaidi ya Persepolis kwa miaka kama 900, Wanubi wanaonekana wakileta twiga. Nimekubali kwamba yule ni twiga. Nilitamani sana awe okapi, na bado kuna siku ninafungua picha ile na kutazama mapaja yake. Lakini hatuhitaji ngazi ya mfalme wa Uajemi itushuhudie kwamba tulikuwapo.

Kitu kimoja kilichotoka katika mazungumzo yale kinanisumbua zaidi kuliko mnyama. Persepolis iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, mwaka uleule wa Virunga yetu. Hifadhi ya Okapi iliandikwa mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na bado imo. Kule Iran nimeona watu wanahifadhi hata kibao kinachohesabu shayiri, na wanangoja zaidi ya miaka 80 kirudi. Kwetu, kazi nzima ya kumkamata okapi, kumtembeza, kumlisha na kumtibu imebaki katika vichwa vya wazee wachache ambao hakuna aliyewaandika. Kazi hiyo ina lugha yake. Ni mchanganyiko wa Kiswahili cha Ituri, Kibudu, Kibila na maneno ya Wambuti, na haimo katika kitabu chochote nilichokifungua hapa kitivoni.

Jioni ile nilimwomba babu anitajie maneno ya kazi yao. Alinitajia la shimo, la majani yanayofunika shimo, la njia ya miti, la mtu anayekaa usiku akimsikiliza mnyama aliyenaswa, la aina kumi na mbili za majani ambayo okapi hula na aina mbili ambazo hugusa kwa ulimi na kuziacha. Kabla hajachoka nilikuwa na maneno 31. Nimeyatafuta katika kamusi tatu za maktaba yetu, na nimepata tisa. Mwezi wa saba ninarudi Mambasa na daftari jipya, na wazee wenzake watatu wamekubali kukaa nasi. Mwanafunzi anayejua Kibila vizuri kuliko mimi anakaribishwa tuandamane.